Mgonjwa Aliyekula Mahindi ya Mzee Njiku

Wiki niliyokabidhi funguo za stoo, vijana wa kituo walinikalisha kwenye kiti cha plastiki, wakaninunulia soda, wakasema, "Mama, tuandikie ulivyofanya kazi." Nikawaambia yote yameandikwa kwenye mafaili. Wakasema mafaili yameliwa na mchwa. Nilikwenda kuyatazama, nikakuta ni kweli. Mchwa walianza na taarifa za mwaka, wakaziacha katikati. Nadhani ziliwachosha na wao.

Basi naandika. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa sababu vyeo vilikuja polepole na mishahara ilikuja polepole zaidi.

Mimi sikuwa mtu wa tembo. Nilizaliwa Misigiri, nyumbani kwetu kulikuwa na ng'ombe, nikasomea mifugo kwa sababu ndiyo kitu pekee nilichokuwa nakijua kabla ya kufundishwa. Nilipomaliza chuo nilipangiwa Itigi. Nilishuka kwenye treni na sanduku la bati na ndoo, nikaulizia ofisi ya mifugo. Ilikuwa miaka ile ambayo maduka yalianza kujaa tena. Sisi tuliokua tukipanga foleni ya kipande kimoja cha sabuni, sasa tulikuwa tunasimama mbele ya rafu yenye sabuni za aina sita, tunashindwa kuchagua, tunarudi nyumbani bila sabuni. Lakini maduka yakijaa, ofisi zilikuwa zinapungua. Kila baada ya muda mtu alipewa barua ya kupunguzwa kazi. Ofisi niliyofikia ilikuwa na watu wanne siku nilipofika. Baada ya miezi michache nilibaki peke yangu. Si kwamba nilikuwa hodari. Jina langu lilikuwa halijaingizwa kwenye orodha, kwa hiyo hawakuwa na namna ya kulikata.

Watu wa Itigi walikuwa hawajawahi kuona mwanamke kwenye kazi ile, na cheo hakikuwa na jina lingine. Wakaniita bwana mifugo. "Shikamoo, bwana mifugo," waliniamkia watoto, nami nimevaa gauni na nimebeba mimba ya miezi saba. Nilizoea.

Siku moja nikaitwa, nikaambiwa wenzetu wa wanyamapori, kwenye kituo chao kusini mwa mji, barabara ya kwenda Rungwa, hawana mtu yeyote anayejua kutumia sindano. Nikawasaidie kwa muda. Huo muda nimeumaliza juzi.

Mtu wa kwanza niliyemkuta kituoni alikuwa Mzee Ndahani, askari wa wanyamapori, Mgogo wa upande wa Kilimatinde. Alikuwa mfupi, mwembamba, na alivaa kofia ya sufu hata jua la saa saba. Alikuwa ameketi kwenye tofali anashona kiatu chake mwenyewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari?"

"Hapana, mzee. Mimi ni bwana mifugo."

Akanitazama toka kichwani hadi miguuni, akaamua kutouliza. "Tembo umewahi kumwona?"

"Kwenye picha."

"Kwenye picha alikuwa anatazama wapi?"

Nikafikiri. "Alikuwa ananitazama mimi."

"Basi aliyepiga picha hiyo," akasema, akiendelea kushona, "ama alisimama mbali sana, ama kamera ilirudishwa nyumbani na mtu mwingine."

Kila nilichokijua baadaye nilikipata kwa mzee huyo, na vifaa vyetu vilikuwa hivi. Soksi ya mtoto iliyojazwa majivu: ukiitikisa, majivu yanakuonyesha upepo unakwenda wapi, na ukiona yanaelekea kwa tembo, wewe elekea kwingine. Kamba mbili za katani. Kijiti laini cha urefu wa kidole, nitasema baadaye cha nini. Sindano zangu za ng'ombe, ambazo Mzee Ndahani alizitazama kwa huruma. Themometa moja. Nilipouliza tembo anapimwaje joto, maana ng'ombe unampima nyuma, alinipeleka kwenye rundo la kinyesi lililokuwa bado linafuka. "Chomeka hapo upesi. Ni kule kule nyuma, ila mwenyewe ameshaondoka."

Na gari. Lilikuwa Landrova la kijivu lisilo na staata, likiendeshwa na dereva Hamisi, mtu wa maneno machache ambaye hakuwahi kuegesha sehemu tambarare. Aliijua wilaya nzima kwa miteremko yake. Ukimwambia tunakwenda kijiji fulani, haulizi umbali, anauliza, "Kuna kilima?"

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa mtoto wa tembo aliyetumbukia kwenye lambo lililokauka likabaki tope. Nilifika na dawa zangu zote. Mzee Ndahani hakuomba dawa, aliomba majembe. Kina mama waliokuja kuchota maji walitusaidia kuchimba ukingo wa lambo uwe mteremko, na saa tatu baadaye mtoto akapanda mwenyewe, hakuna aliyemgusa. Tatizo likaja baadaye. Badala ya kwenda kwa mama yake aliyekuwa ananguruma porini, aliliona Landrova la kijivu likinguruma karibu zaidi, akalifuata. Hamisi akaongeza mwendo, naye akaongeza. Mzee Ndahani alikuwa anapiga kelele, "Zima! Zima gari!" Hamisi akazima. Ndama akalizunguka, akalisukuma kidogo kwa paji la uso, akaona huyu mama amekufa, akaenda kumtafuta mwingine. Sisi tulibaki na gari lililozimwa sehemu tambarare. Nilijifunza siku hiyo kwamba mara nyingi tembo haponywi kwa dawa, anaponywa kwa jembe na subira. Nilikuja kulisahau hilo nilipolihitaji zaidi.

Sasa nifike kwa mgonjwa wangu mkubwa.

Kulikuwa na kijiji kiitwacho Mkola, mwisho wa mashamba, mwanzo wa vichaka. Mwaka mmoja, mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, kundi la tembo lilipita likaelekea porini Kizigo, ila jike mmoja akabaki nyuma na mtoto wake wa miaka kama miwili. Alikuwa anachechemea. Kila alasiri alitoka kichakani, akapita taratibu mbele ya nyumba, akasimama kwenye kila mlango, akatazama ndani, akasogea nyumba inayofuata. Siku zile watu walikuwa wanaogopa wakaguzi kuliko simba, maana mkaguzi akifika ofisini mtu anapunguzwa. Wanakijiji wakampa jina hilo. Mkaguzi.

Akimaliza ukaguzi anaingia shamba la Mzee Njiku. Mzee Njiku alikuwa Mnyaturu aliyehama kutoka Ihanja kufuata ardhi, mtu mrefu mwenye sauti kubwa, na shamba lake ndilo lilikuwa la mwisho, limegusana na kichaka. Aliandika barua ya malalamiko. Ofisi ikajibu kwamba mnyama huyo asipoondoka, auawe. Habari ya barua ilifika kijijini kabla ya barua yenyewe, na mwenyekiti wa kijiji, mtu mwenye kupenda utaratibu, akatayarisha orodha ya mgao wa nyama. Niliiona. Mkonga ulishapewa wazee wa kanisa. Jina la mwenyekiti lilikuwa kwenye ini.

Tulikwenda kumtazama, mimi na Mzee Ndahani, tukiwa nyuma ya kichuguu, soksi ya majivu mkononi. Mguu wa mbele wa kushoto ulikuwa umevimba kama gunia. Juu kidogo ya kucha palikuwa na waya wa mtego umezama kwenye nyama hadi hauonekani, ila ncha yake ilikuwa inang'aa kila alipoinua mguu. Alikuwa anauinua mara kwa mara, anaupumzisha kwenye ncha ya kucha kama mtu anayekanyaga sakafu ya moto. Mtoto wake alikuwa ananyonya.

"Akifa huyu," akasema Mzee Ndahani, "yule hamalizi wiki mbili."

Nilimwandikia daktari mmoja wa wanyama aliyekuwa na bunduki ya sindano ya usingizi. Niseme anaitwa Daktari Kessy. Alikuja na dawa ya kulaza tembo mmoja, mara moja tu, akatuambia hivyo mara tatu ili tusitetemeshe gari. Alimpiga sindano ya paja saa nne asubuhi. Mkaguzi akatembea kidogo, akayumba, akaanguka kifudifudi.

"Hapana!" Daktari akapiga kelele. "Asilalie kifua, atakosa pumzi!"

Hapo vijana wangu mzingatie. Tembo akilala kifudifudi mna dakika chache tu. Tulifunga kamba zote mbili, Hamisi akavuta kwa gari, wanaume kumi na wawili wakasukuma, wengi wao wakiwa kwenye orodha ya nyama, na mama mzima akageuka ubavu. Ndipo nilipojua kazi ya kile kijiti. Unakichomeka kwenye tundu la mkonga libaki wazi, hewa ipite. Sikio unalifunika juu ya jicho, jua lisimuumize. Maji unamwagia masikio yapoe. Mwenyekiti alipewa kazi ya kumzuia mtoto kwa kutandaza mikono. Mtoto akamtazama, akamsukuma, mwenyekiti akakaa kwenye miiba, na hakuna aliyekuwa na nafasi ya kumtoa mpaka shughuli ilipokwisha.

Daktari alikata waya kwa koleo. Kidonda kilikuwa kinaingia ngumi. Alisafisha, akachoma sindano ya kuzuia usaha, akasema, "Hiki kinatakiwa kuoshwa kila siku, dakika ishirini, kwa wiki tano au sita."

"Nani atamshika?" nikauliza.

"Hayo ni ya nyumbani," akasema, na akaanza kufunga sanduku lake.

Nikasema basi angalau tukifunge bandeji, inzi wasiingie. Mzee Ndahani akasema ataivua. Nikamwambia chuoni tulifundishwa kidonda kinafungwa. Yeye akatoa kofia yake ya sufu, akakuna kichwa, akaivaa tena. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kubishana.

Nilikimbia kwa Mama Saada, aliyekuwa anauza mitumba chini ya turubai pale senta ya Mkola. Alikuwa amerundika makoti ya watu wa nchi za baridi, makubwa kama mahema. Nikamwonyesha kamba niliyopimia mguu.

"Nataka kitambaa cha kuzunguka hapa mara tatu."

Akaipima kwa macho. "Mguu wa mtu huu? Ana matende?"

"Ni tembo, mama. Fanya haraka, amelala."

Hakushtuka hata kidogo. Mfanyabiashara wa kweli hashangai mteja. "Kwa tembo nina pazia," akasema, akavuta pazia zito la maua ya njano.

Nililifunga vizuri, fundo la kitaalamu. Daktari akamchoma dawa ya kumwamsha, tukakimbilia kwenye gari, ambalo safari hii lilikuwa kwenye mteremko. Mkaguzi akasimama. Akautazama mguu. Akapeleka mkonga, akalifungua fundo langu kwa utaratibu mzuri kuliko nilivyolifunga, akalizungusha pazia juu ya kichwa chake mara mbili, akalitupa juu ya mti wa mgunga. Lilikaa huko mwaka mzima. Mama Saada alipolisikia jambo hilo aliuliza kitu kimoja tu: "Hakuipenda rangi?" Pazia la pili la seti ile alilining'iniza mbele ya kibanda, akawa anawaambia wateja kwamba pacha wake amevaliwa na tembo. Lilinunuliwa siku hiyo hiyo.

Tulipokuwa tunarudi Mzee Ndahani akaniuliza tu, "Nyumbani kwenu ng'ombe akioza kwato mnafanyaje?"

Nikamwambia baba alikuwa anachimba shimo fupi mlangoni mwa zizi, anatia maji ya dawa, ng'ombe wakipita wanaosha miguu wenyewe. Nikasikia ninavyosema. Mzee akatazama dirishani.

Kesho yake tulichimba. Shimo lenyewe pana kama chumba kidogo, kina chake hakifiki goti. Ndani tulitandika turubai la Landrova, tukajaza maji ya pamanganeti, ile dawa ya kuoshea vidonda, nyepesi, rangi ya waridi, isizidi hapo. Mbele yake tukaweka maboga, ili anayetaka boga lazima akanyage ndani. Siku ya kwanza Mkaguzi alikuja kwa pembeni, akala maboga yote. Siku ya pili tukaweka magogo pembeni. Akasimama nyuma ya shimo, akanyoosha mkonga, akala maboga yote. Siku ya tatu tukayasogeza maboga mbele zaidi. Mtoto akaingia, akaoga, akatoka wa waridi, akampelekea mama yake boga.

Siku ya nne akaja mkubwa mmoja kutoka ofisini kuuliza kwa nini barua haijatekelezwa. Sitataja alitoka ofisi gani, na mchwa wamenisaidia kusahau. Alivaa suti ya Kaunda rangi ya maziwa. Mzee Ndahani akamwomba asisogee karibu na shimo, akamtikisia soksi ya majivu kumwonyesha upepo.

"Upepo naujua," mkubwa akasema, na akasogea.

Mkaguzi alifika kimya kimya kama wanavyofika. Akaingiza mkonga kwenye maji, akavuta, akaonja, akaona si maji ya kunywa. Akatafuta mahali pa kuyatema. Mkubwa aligeuka kuwa wa waridi kuanzia kola hadi soksi. Wale wanaoijua dawa ile wanajua kwamba ikikauka inakuwa kahawia, na haitoki. Hamisi, ambaye sikuwahi kumwona akicheka, aliingia chini ya gari akasema anakagua eksozi.

"Ijumaa," mkubwa akasema, akijifuta na leso iliyokuwa inabadilika rangi. "Apigwe Ijumaa. Nataka taarifa mezani Jumatatu."

Nilimwambia Mzee Ndahani tumlete daktari mwingine, tuandike barua nyingine. Nilikuwa nimeshuhudia ng'ombe wengi wakichinjwa kwa sababu hawaponi, sikuwahi kubembeleza kwa ajili ya hata mmoja. Kwa huyu nilibembeleza. Akasema, "Mwanangu, mimi ni askari. Karatasi imesainiwa, na mwenye shamba amelalamika." Maana bunduki ilikuwa yake. Ndiye angepiga.

Ijumaa asubuhi alianza kuisafisha. Sijawahi kuona bunduki ikisafishwa kwa saa nne. Aliifungua, akaifunga, akaona vumbi, akaifungua tena. Mimi nilikwenda kujaza shimo, kwa sababu sikujua nifanye nini kingine. Nilipanga magogo upya, safari hii pande zote tatu, nikaweka maboga mawili tu, hatua mbili kupita ukingo wa mbele.

Saa tisa watu walikuwa wamejaa. Walikuja na visu, mabeseni na magunia. Mwenyekiti alikuwa na orodha yake. Mzee Njiku alisimama mbele, mikono nyuma. Saa kumi kichaka kikatikisika, Mkaguzi akatoka, mtoto nyuma yake.

Alilizunguka shimo. Akajaribu pembeni, akakuta gogo. Akanyoosha mkonga, haukufika. Akasimama muda mrefu. Kisha akauinua ule mguu mbovu, akauweka ndani ya maji taratibu, na akatoa pumzi ndefu ambayo watu wote waliisikia. Hakuyagusa maboga. Alisimama tu, mguu majini, masikio yameshuka. Yeyote aliyewahi kuumwa jino akapata maji ya chumvi alijua pumzi ile ni ya nini. Mabeseni yaliacha kugongana.

Mzee Ndahani akainua bunduki nusu. "Mlalamikaji yuko wapi?"

"Nipo," akasema Mzee Njiku. Sauti yake kubwa haikuwepo.

"Sema mbele ya watu. Anayekula shamba lako ni huyu?"

Mzee Njiku akautazama ule mguu majini.

"Ni huyu, au si huyu? Sitaki kupiga mnyama wa watu."

"Ni huyu. Lakini waya ni wangu."

"Waya upi?"

"Ule wa mguuni. Nilitega pembeni ya mahindi. Nilisema nikimtisha ataondoka."

Mtoto wa tembo alikuwa anaviringisha boga. Mzee Ndahani alifikiri kwa sauti, polepole, kama anayesoma. "Kwa hiyo ulimuumiza mguu mlangoni kwako. Halafu akashindwa kutembea. Halafu ukamshtaki kwa kutoondoka."

Mtu mmoja akacheka nyuma, halafu wawili, halafu wote, na mwishowe Mzee Njiku mwenyewe, ila yeye alikuwa anafuta macho. "Ndiyo hivyo," akasema. "Malalamiko nayaondoa. Nifungeni mimi."

Kutega waya ni kosa, na askari aliyesikia mtu akikiri ana kazi ya kufanya. Mzee Ndahani aliteremsha bunduki. Akaivuta kofia yake ya sufu hadi ikafunika masikio yote mawili.

"Upepo huu," akasema, "umenipotezea maneno yote. Nimesikia la mwisho tu, kwamba unajitolea kuleta maji."

"Maji?"

"Madumu sita. Kila siku. Mpaka apone."

Niliandika taarifa kwamba mlalamikaji ameondoa malalamiko na mnyama yuko kwenye matibabu. Mkubwa hakuja tena kuhakikisha. Mwenyekiti aliikunja orodha vizuri, akaiweka mfukoni, kama mtu anayeahirisha mkutano.

Mzee Njiku alileta maji kwa baiskeli kutoka kisimani, safari tatu, madumu mawili kila safari. Wiki ya kwanza alilalamika njia nzima. Wiki ya pili alikuwa anamsalimia Mkaguzi kwa Kinyaturu, akiwa nyuma ya magogo. Wiki ya tatu alianza kunikosoa.

"Binti wa Misigiri, dawa ya leo nyepesi."

"Mzee, ni ile ile ya jana."

"Ya jana ilikuwa na rangi. Nyie Wanyiramba hamjui kupima."

Mke wake alikuja kituoni kushtaki kwamba maboga ya kulisha tembo yanatoka kwenye shamba lile lile lililokuwa linaliwa. "Mimi nina miaka thelathini na huyu mwanaume," akaniambia, "hajawahi kuniuliza nimelalaje. Tembo anaulizwa kila siku!"

Kidonda kilianza kujaa nyama kuanzia ndani, kama inavyotakiwa. Wiki ya sita Mkaguzi aliukanyagia mguu wote. Siku chache baadaye tulifika tukakuta nyayo zake na za mtoto zimeelekea kusini, hatua ndefu, zimelingana. Mzee Njiku alileta maji siku hiyo. Akaleta na kesho yake. Siku ya tatu alikuja na madumu matupu, akasimama kwenye ukingo wa shimo, akasema, "Haya," akarudi shambani.

Wiki moja baadaye alikuja ofisini amevaa koti. Alitaka barua. Siku zile kila mtu alikuwa anatafuta cheti, hata kuuza maandazi watu walidhani utaulizwa cheti. Nikamwandikia kwamba Bwana Njiku wa Mkola amefanya kazi ya uuguzi wa tembo kwa wiki sita kwa bidii na uaminifu. Nikasaini. Akaisoma mara mbili.

"Muhuri," akasema.

Muhuri wa ofisi ulikuwa umechukuliwa pamoja na karani aliyepunguzwa. Nilikuwa na mmoja tu, wa ukaguzi wa nyama machinjioni. Nikamweleza. Akasema muhuri ni muhuri. Nikaugonga, wa bluu, katikati kabisa: IMEKAGULIWA. INAFAA KULIWA.

Aliutazama kwa muda. "Hii inanisema mimi au tembo?"

"Inaisema barua, mzee."

Akaridhika. Akaitia kwenye fremu, akaitundika sebuleni, na wageni wake wote wameisoma. Mimi nilipostaafu nilipewa cheti kizuri chenye muhuri unaostahili. Nimekitafuta ili niwaandikie kinasemaje, sikukiona.

Namalizia habari ya mgonjwa. Mwaka uliofuata, mahindi yakiwa yanakaribia kukomaa, Mzee Njiku aliingia kituoni asubuhi na mapema, matope hadi magotini, ile sauti kubwa imerudi. Tembo wameingia shambani. Wamekula robo nzima ya upande wa kichaka na kuvunja uzio. Anataka kulalamika, na anataka iandikwe.

Nikatoa kitabu cha malalamiko. "Walikuwa wangapi, mzee?"

"Saba. Nimewahesabu mwenyewe. Mmoja ana kovu mguu wa kushoto."

Nikaanza kuandika. Akaweka kiganja chake juu ya ukurasa.

"Andika sita," akasema.

Nikaandika sita.